Mkutubi Aliyekatazwa Kujibu

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Niliitafuta mwenyewe, nikakuta pale ilipopaswa kuwa pana alama ya kikombe cha chai cha karani. Kwa hiyo msomaji anayedhani naisema nchi yake atulie, anywe maji, aendelee. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo wa beti tisa, na ina Wizara ya Vitabu, Utulivu na Mambo Yanayofanana na Hayo. Watu wake wana adabu, na serikali yao inawapenda kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata dakika moja.

Katika Maktaba Kuu ya nchi hiyo alifanya kazi mwanamke aitwaye Hidaya Makwega, mkutubi wa dawati la maulizo, mwaka wa kumi na tisa kazini. Nalisema mapema asije mtu akadhani nimemfichia: Hidaya alifanya kosa. Hakuiba, hakuchoma kitabu, hakumtukana mtu. Alinyamaza tu, na kwa kunyamaza huko akapewa nishani. Nishani yenyewe ameitia ndani ya soksi na kuifukia kwenye gunia la mchele, na kila akichota mchele vidole vyake huigusa.

Zamani kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtu aliingia, akauliza, Hidaya akajibu au akamwonyesha rafu. Mwanafunzi alitaka ramani ya mito, akapewa. Mama alitaka kujua kwa nini kuku wake wanakufa, akapewa kitabu cha kideri na kufunuliwa ukurasa. Hidaya alijua kila toleo la Gazeti la Serikali lilipo, kama mama anavyojua mtoto yupi halali bila kubembelezwa. Hakupata kusifiwa kwa hilo, wala hakutegemea.

Kisha Mheshimiwa Waziri, Dokta Lugendo Mapambano, akasafiri. Alikwenda semina ya siku nne katika nchi za baridi, akahudhuria siku moja na nusu, akarudi na mkoba uliojaa nadharia za ujifunzaji. Wenzake hurudi na manukato.

Nadharia ya kwanza ilisema kiumbe hujifunza kwa kutuzwa. Ilikuwa imethibitishwa kwa njiwa na panya wa huko, na Wizara haikuona sababu ya wananchi kushindwa na njiwa. Ikaamriwa kwamba kila msomaji akimaliza ukurasa agongewe kengele na apewe kipande cha kashata. Ndani ya wiki tatu watu walikuwa wakifunua kurasa kwa kasi isiyopata kuonekana, hata vitabu vya mahesabu ya nyota, na Wizara ikatangaza kwamba usomaji umepanda mara arobaini. Kashata zikaisha. Siku ya kwanza bila kashata watu waligonga meza, siku ya pili hawakuja.

Nadharia ya pili ilisema kuna wanaojifunza kwa macho, wanaojifunza kwa masikio na wanaojifunza kwa mikono. Mlangoni akawekwa askari wa kuwapambanua kwa kuwatazama. Wenye masikio makubwa walielekezwa chumba cha kusikiliza, na kwa kuwa redio ya maktaba ilikuwa mbovu, waliketi humo wakisikilizana. Hidaya aliandika ripoti kwamba zoezi linakwenda vizuri, maana fomu ya ripoti haikuwa na nafasi ya kuandika vinginevyo.

Ndipo ikaja nadharia ya tatu. Wakutubi wote walikusanywa ukumbini, na Mheshimiwa akapanda jukwaani akiwa amevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya heshima.

"Ndugu wakutubi!" alinguruma. "Wataalamu wamegundua kwamba maarifa hayamiminwi kichwani kama uji kwenye bakuli. Mtu huyajenga mwenyewe, tofali kwa tofali! Sasa nauliza: mkutubi anayempa mtu jibu anafanya nini? Anamwibia tofali! Tumewaibia wananchi kwa miaka sitini! Na wahenga wetu, ambao hawakuhitaji semina, walishalisema: asiyejua maana haambiwi maana!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hidaya naye alipiga, na hilo pia analikumbuka.

Waraka Namba Tatu ulitoka kesho yake. Mkutubi hatatoa jibu. Akiulizwa, atauliza, na ameruhusiwa maswali matatu tu: Wewe unaonaje? Umejaribu kutafuta wapi? Unajisikiaje kuhusu kutokujua kwako? Vibao vya rafu vilibanduliwa, na makabati ya kadi yakageuzwa kutazama ukuta ili kuchochea ugunduzi. Wizara ilikaa kikao cha siku mbili kuamua kama "marahaba" ni jibu. Ikaamuliwa kwamba ni jibu, lakini la kimila, lisamehewe.

Kusimamia yote hayo aliletwa Bwana Fulgensi Tindwa, Mwangalizi wa Ujifunzaji, kijana mpole mwenye suti ya kijivu na filimbi ya refa shingoni. Alikalia kigoda hatua tatu kutoka dawati la maulizo. Jibu likimponyoka mkutubi, alipuliza. Filimbi tatu katika muhula, mkutubi alihamishiwa tawi la Kisimakavu, ambako maktaba ni kabati moja na ndani yake mna nyuki. Muhula mzima bila filimbi, mkutubi alistahili kuwa Mkutubi Mkuu, kiti kilichokuwa kitupu tangu mwenyewe alipostaafu. Hidaya ndiye aliyefuata kwa zamu. Sitampamba: alikitaka kile kiti. Alishawahi kukikalia siku moja wakati wa kufagia, akajizungusha kidogo.

Wiki ya kwanza mgeni mmoja aliuliza choo kiko wapi. Hidaya akamwuliza yeye anaonaje. Tuyaache ya yule mgeni na ya ua wa maktaba.

Fundi Ngoda aliingia Jumatatu ya wiki ya pili. Sufiani Ngoda alikuwa fundi wa majiko ya bati, mtu wa miaka sitini hivi, mwenye karakana uani kwake katika kiwanja namba sitini na saba, mtaa wa Kwa Wahunzi. Kwa miaka thelathini watu wa mtaa ule walikuwa wakiamshwa na nyundo yake. Mkononi alishika tangazo lililobanduliwa mlangoni, bado lina gundi: viwanja namba sitini hadi sabini na nne vimetwaliwa kwa manufaa ya umma, na mwenye pingamizi ajaze fomu husika kama ilivyoelezwa katika Gazeti la Serikali linalopatikana Maktaba Kuu. Majirani zake walishafunga mizigo, maana walikuwa na uzoefu na serikali. Fundi Ngoda yeye alikuwa bado anaiamini.

"Shikamoo, fundi," alisema Hidaya.

"Marahaba, dada. Nimekuja na shida, na mficha uchi hazai." Akalilaza tangazo mezani na kulinyoosha kwa kiganja. "Wanasema fomu imo humu. Nionyeshe tu ilipo, nitasoma mwenyewe. Nasoma polepole, lakini nafika."

Hidaya aliijua fomu ile. Toleo la kumi na nne, kabati la pili la magazeti, droo ya chini, ukurasa wa mwisho. Alijua pia kwamba muda wake ni siku ishirini na moja tangu tangazo libandikwe, na kwamba aliyejaza haondolewi mpaka asikilizwe. Mwaka uliopita watu wanne wa mtaa mwingine walijaza, na hadi leo wanaanika nguo zao kwenye viwanja vyao. Yote hayo yalimjia mdomoni kwa pamoja. Akamtupia jicho Bwana Fulgensi. Filimbi ilikuwa tayari midomoni.

"Umejaribu kutafuta wapi, fundi?"

"Sijajaribu popote. Ndiyo kwanza naingia."

"Na wewe unaonaje? Inaweza kuwa wapi?"

Fundi alicheka kidogo, akidhani anataniwa. "Mimi naona iko kwako, dada."

"Unajisikiaje," Hidaya aliuliza, na masikio yakamwaka moto, "kuhusu kutokujua kwako?"

Kicheko kikamtoka fundi usoni. Alimtazama Hidaya kwa muda, kwa namna ambayo Hidaya hakuielewa siku ile, kisha akakunja tangazo lake na kwenda kuanza na rafu ya mlangoni. Ilikuwa rafu ya ufugaji wa nyuki.

Alikuja kila siku. Alifunga karakana saa nne, akanawa mikono kwenye bomba la nje hadi viwiko, akaingia, akaendelea alipoishia. Alisoma mgongo wa kila kitabu akikokota herufi kwa kidole. Siku ya tano alikuwa amewamaliza nyuki, yuko kwenye historia za wafalme. Kila akipita dawatini aliamkiwa, akaitikia, akauliza tena taratibu kama mtu anayegusa kidonda cha mwenzake. Hidaya alimrudishia swali. Bwana Fulgensi aliandika, akatabasamu, akaandika tena.

Siku ya nane Hidaya alipata ujanja. Alfajiri, kabla milango haijafunguliwa, aliivuta droo ya chini ya kabati la pili akaiacha wazi kiasi cha shubiri moja. Bwana Fulgensi alipofika aliiona, akaifunga kwa mguu.

"Mama Makwega," alisema kwa upole, "droo iliyo wazi ni jibu. Hii sitaipuliza, kwa sababu nakuheshimu."

Hidaya alimshukuru. Alimshukuru kwa sauti, na jioni alipokuwa akimenya vitunguu alijisikia shukrani ile ikimrudi kooni. Mtaa wa Kwa Wahunzi haukuwa mbali na kwake. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, njia anaijua, hakuna waraka unaomkataza mtu kumtembelea mtu. Alijiambia ataenda kesho. Kesho yake mvua ilinyesha, na ya pili yake alikuwa na mgeni, na hivi ndivyo siku zinavyokwisha kwa mtu asiyetaka kuzihesabu.

Siku ya kumi na mbili Bwana Fulgensi alimhoji fundi kwa ajili ya ripoti. Hidaya alisikia kila neno.

"Mkutubi huyu anakusaidia?"

Fundi alimwangalia Hidaya, akamwangalia mwangalizi. "Ananisaidia sana," alisema. "Mpeni haki yake. Ananisaidia sana."

Hidaya aliinamisha kichwa kwenye daftari. Alidhani ni kejeli, akaona anastahili.

Sasa nafika kwenye siku ya kumi na saba, na ningependa niiruke, kama Hidaya anavyopenda kuiruka. Siku hiyo Bwana Fulgensi aliamka na jino limemvimba. Kigoda chake kilikuwa kitupu, filimbi imekwenda naye kwa daktari. Mchana maktaba ilikuwa kimya, wasomaji wawili wamelala. Fundi Ngoda alikuja dawatini. Macho yalikuwa mekundu kwa kusoma, na mkononi alikuwa na kitabu cha sheria za bandari.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "leo yule bwana hayupo. Kama kuna neno lolote unalolijua, hata kidogo, niambie. Mke wangu hali chakula."

Hakuna mtu aliyekuwa akitazama. Zilikuwa zimebaki siku nne. Hidaya aliona kabati la pili kwa pembe ya jicho, akafungua kinywa, na neno "kabati" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Wewe unaonaje?" alisema.

Lilitoka lenyewe. Kengele haikugongwa wala kashata haikutolewa, lakini lilitoka. Fundi alisubiri kidogo, labda lingefuata lingine. Halikufuata. Hidaya angeweza kumwita alipogeuka. Angeweza kumkimbilia mlangoni, angeweza hata kumtupia kitabu cha sheria za bandari mgongoni ili ageuke. Aliketi pale mikono mapajani, akimsikiliza anavyoburuta viatu, mpaka akaishia kwenye rafu ya mashairi.

Fundi aliipata fomu siku ya ishirini na tatu. Alikuja nayo dawatini akiishika kwa mikono miwili, uso umemfunguka kama wa bwana harusi.

"Nimeipata, dada! Kabati lile pale, droo ya chini kabisa. Nimeisoma yote peke yangu!"

Bwana Fulgensi alisimama na kupiga makofi. Hidaya aliitazama tarehe, akamwomba fundi akae. Fundi alisoma tena mstari wa mwisho, kidole kikipita juu ya "siku ishirini na moja" mara tatu. Kisha akarudisha gazeti kwenye droo, vizuri, kingo zikilingana, akaaga. Bomoabomoa ilipita Alhamisi.

Na unajua kiwanja kilitwaliwa kwa kazi gani? Si ya siri, ilitangazwa redioni: Wizara ilihitaji mahali pa kujenga Uwanja wa Taifa wa Kujifunza. Sherehe ya kuweka jiwe la msingi ilifanyika palepale, namba sitini na saba, chini ya turubai la bluu. Fundi Ngoda alialikwa kuwa mfano. Alipewa cheti cha Msomaji Aliyejijengea, na akaombwa akisome kwa sauti ili taifa lisikie. Alikisoma vizuri. Ule ukokotaji wa zamani ulikuwa umekwisha, maana wiki tatu za rafu si mchezo. Hidaya alivalishwa nishani.

"Huyu mama," alisema Mheshimiwa, "angeweza kumpa jibu kwa dakika moja. Dakika moja! Akajizuia kwa siku ishirini na tatu! Huo ndio upendo!"

Wiki hiyo Hidaya hakulala. Akaiandikia Wizara barua, akaomba aitwe mbele ya kamati, akaitwa. Watu kumi na mmoja walikaa upande mmoja wa meza, Mheshimiwa katikati, Bwana Fulgensi pembeni na jino lililopona.

"Naomba niadhibiwe," alisema Hidaya. "Yule mzee amepoteza nyumba, na mimi nilijua fomu ilipo."

"Unajisikiaje kuhusu jambo hilo?" aliuliza Mheshimiwa.

"Najisikia mkosaji. Sili nikashiba."

Kalamu kumi na moja zikaandika.

"Na kuna siku mwangalizi hakuwapo," aliendelea, maana alitaka wamwone alivyo. "Siku ya kumi na saba. Tulikuwa wawili tu. Hakuna aliyenizuia, na bado sikusema."

Hidaya alidhani sasa adhabu imefika. Bwana Fulgensi alitoa kitambaa akajifuta macho.

"Bila filimbi," alisema kwa sauti iliyokatika. "Waheshimiwa, bila filimbi! Tabia imeota mizizi!"

Kamati ilisimama ikampigia makofi. Mheshimiwa alieleza kwamba kujitazama nyuma kama alivyofanya mama huyu ndiyo ngazi ya juu kabisa ya ujifunzaji, yeye mwenyewe kule semina hakufika siku iliyofundishwa. Ikaazimiwa Hidaya awe Mkutubi Mkuu kuanzia Jumatatu. Ikaazimiwa pia wakutubi wote wa nchi wafundishwe kujuta mara moja kila robo mwaka, Hidaya akiwa mkufunzi, na fomu ya majuto ijazwe nakala tatu.

Alitoka mle akatembea. Aliuliza huku na huku, na watu wa nchi ile, ambao hawajasoma waraka, wakamwelekeza. Fundi Ngoda alikuwa nyuma ya machinjio, kwenye ua wa shemeji yake. Nyumba za kule zimebanana, na majirani walikuwa wamelalamikia kelele, kwa hiyo nyundo yake aliiviringishia kitambaa. Alikuwa akigonga bati nayo, inatoa mlio mdogo wa kuchoka, na bati halikunjiki.

"Karibu, dada!" Alifurahi kweli. Akafuta kigoda kwa shati lake.

Hidaya hakukaa. "Fundi, nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini?"

"Ile fomu. Kabati, droo, siku zake. Nilijua tangu siku ya kwanza uliposimama mbele yangu. Hata siku tuliyokuwa peke yetu nilijua."

Fundi Ngoda aliiweka nyundo chini. Alichukua muda mrefu kuiweka.

"Mimi nilidhani hujui," alisema.

"Nilijua."

"Nilikuonea huruma. Nikasema, masikini huyu mama, wamemweka pale hajui kitu, kila akiulizwa anarudisha swali ili asiaibike. Ndiyo maana yule bwana aliponiuliza nikasema unanisaidia sana, wasije wakakufukuza." Alikuwa akisema bila hasira, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya moto. "Mke wangu alitaka kwenda kwa wakubwa wako kushitaki. Alishavaa na khanga. Nikamzuia mlangoni. Nikamwambia yule naye ana watoto, tusimharibie kazi."

"Nitukane, fundi," alisema Hidaya. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nakuomba nitukane."

Fundi alitazama mlango wa nyumba. Ndani vikombe vilikuwa vikigongana.

"Sikiliza," alinong'ona, na sasa ndipo sauti yake ilipoanza kutetemeka. "Usimwambie huyu. Yeye alikuwa anakwenda, mimi ndiye niliyemrudisha. Akijua kwamba ulikuwa unajua, atajua nyumba imekwenda kwa huruma yangu. Nakuomba, dada. Hilo tu nifichie."

Mke wake alitoka na sinia la chai. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso mkavu, aliyekonda siku hizi shingoni. Alimpa Hidaya mkono, akamwangalia macho yake yaliyolowa, na sura yake ikalegea.

"Wewe ndiye mama wa maktaba? Nimekusikia sana. Hebu niambie mwenzangu, maana huyu bwana hanielezi nikaelewa. Siku zote zile, hata wewe mwenyewe hukujua ile karatasi ilipo?"

Fundi Ngoda alikuwa ameinamia bati lake. Hakunyanyua kichwa.

"Sikujua, mama," Hidaya alijibu.

"Basi pole, mdogo wangu," alisema yule mama, akamshika bega, akamkalisha kwenye kigoda. "Usilie. Mtu halaumiwi kwa asichokijua." Akammiminia chai, akamtilia sukari vijiko vitatu, na akasimama pale kuhakikisha ameinywa yote.